Nimestaafu bila sherehe, na kila alfajiri bado ninavaa kwenda kazini

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia nikiwa mtu wa miaka 60 na miezi saba, na sijawahi kuandika barua ya namna hii maishani mwangu, kwa hiyo nisamehe nikizunguka kidogo kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Kwa miaka 33 nilikuwa mtunza stoo katika taasisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Niliingia nikiwa kijana wa kubeba maboksi, nikatoka nikiwa msimamizi wa stoo zote tatu, na katika muda wote huo hapakuwa na mwaka ambao leja zangu zilitofautiana na mali iliyokuwa kwenye rafu bila mimi kuweza kueleza sababu.

Ulipokaribia wakati wangu wa kustaafu, nilimwandikia mkuu wa idara nikimwomba nisifanyiwe hafla yoyote. Sababu ninayo. Miaka minne kabla yangu alistaafu mwenzangu ambaye tulianza kazi mwaka mmoja. Aliandaliwa hafla ukumbini, viti vikapambwa, mkuu wa wakati huo akasimama na karatasi mkononi na kumshukuru kwa utumishi wake uliotukuka, huku akitaja jina la mtu mwingine kabisa, na alilitaja mara tatu. Mwenzangu alitabasamu hadi mwisho. Mimi niliketi kando yake, nikaona jinsi alivyokuwa akiikunja na kuikunjua ratiba ya hafla mapajani mwake mpaka ikachanika katikati. Siku ile niliapa kwamba mimi nitatoka kimya kimya.

Na kweli nilitoka kimya. Ijumaa ya mwisho tulihesabu mali, tukatia saini hati ya makabidhiano katika nakala tatu, nikachukua yangu. Kijana niliyemfundisha kazi hiyo kwa miaka sita, ambaye ndiye aliyeachiwa nafasi yangu, alikuwa ametumwa nje mchana ule, hivyo hatukuagana. Saa kumi na nusu nilipita kwenye geti dogo kama siku zote, na mlinzi akaniambia, "Tutaonana Jumatatu, mzee." Nikamwitikia kwa mazoea, "Haya, Jumatatu."

Tangu siku hiyo imepita miezi saba. Kila alfajiri saa kumi na moja ninaamka bila kuamshwa, ninaoga, ninavaa shati lililopigwa pasi, ninachomeka kalamu mbili mfukoni, moja ya buluu na moja nyekundu, kisha ninakaa kwenye kiti kilichopo karibu na mlango. Mke wangu mwanzoni alikuwa akicheka. Aliniambia, "Wewe umestaafu, lakini nguo zako hazijastaafu." Sasa hacheki tena. Mwezi wa pili niligundua kwamba katika koti langu ulibaki ufunguo mmoja wa stoo ya nyuma. Niliona aibu, nikapiga simu upesi ili niurudishe, nikajibiwa kwamba kufuli ile ilishabadilishwa. "Kaa nao tu, mzee." Nimeuweka kwenye droo, lakini mara kwa mara ninajikuta nimeushika na sikumbuki nimeutoa saa ngapi.

Kitindamimba wangu, ambaye ni binti wa miaka 27, anasema kosa ni kwamba hatukufanya sherehe, na anataka aiandae sasa, waje ndugu zake, majirani na wale niliofanya nao kazi. Nimemkatalia kwa hoja tatu. Kwanza, jambo limeshapita. Nani husherehekea lililokwisha miezi saba iliyopita? Pili, sina furaha, na sitaki kusimama mbele ya watu nikichekelea kitu kinachoniuma. Tatu, barua ya kustaafu ninayo, mafao nimeyapokea, sheria imekwisha kusema kwamba mimi ni mstaafu, na sioni sherehe itaongeza nini juu ya karatasi hizo. Wakati huohuo vijana wa kikundi cha kuweka akiba hapa jirani wamenijia mara mbili wakiniomba niwafundishe kutunza vitabu vyao vya hesabu, nami nimewajibu kwamba bado sijakaa sawa.

Swali langu ni hili: ukiondoa kula, kupiga picha na kusifiana, hizi sherehe tunazoziweka katika kila hatua ya maisha zina maana gani hasa? Na kwa mtu kama mimi, ambaye amekwisha kuvuka, zina kazi gani?

Mzee wa Stoo

*

Shikamoo, Mzee wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye maneno "amekwisha kuvuka", kwa sababu kila kitu kingine ulichoandika kinayapinga. Mtu aliyevuka havai shati la kazi saa kumi na moja alfajiri, wala hamwahidi mlinzi Jumatatu ambayo haitafika. Ulitoka upande mmoja, hilo ni kweli, na hati ya makabidhiano inathibitisha. Kufika upande wa pili ni jambo jingine, na hakuna karatasi inayotolewa kwa ajili yake.

Niruhusu nianze na hafla ya mwenzako, maana umeitumia kuwa ushahidi dhidi ya sherehe, nami ninaiona kuwa ushahidi wa upande wa pili. Kama sherehe ni kelele tu, jina lililokosewa lingemuumiza kwa kiasi gani? Majina yetu hukosewa kila siku, kwenye risiti na kwenye simu, nasi hucheka tukapita. Siku ile mwenzako alichana karatasi kwa sababu alikwenda ukumbini akitarajia kitu ambacho mtu hawezi kujipa mwenyewe, yaani watu waliomfahamu wasimame na kusema mbele yake kwamba walimwona, kwamba miaka ile ilikuwa yake na sasa imefika mwisho. Badala yake akashukuriwa mtu mwingine. Aliyeharibu ni yule aliyesimama bila kujiandaa, na ukubwa wa maumivu yale unaonyesha ukubwa wa kazi ambayo sherehe ingepaswa kuifanya. Wewe uliona duka limeuza mzigo mbovu, ukaamua kwamba bidhaa yenyewe haina faida. Mtunza stoo wa miaka 33 hawezi kukubali hesabu ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye swali lako la maana. Mwaka 1909 mtaalamu aliyeishi na kufanya kazi Ufaransa, Arnold van Gennep, alichapisha kitabu baada ya kulinganisha taratibu za watu wa sehemu nyingi za dunia katika kuzaliwa, kuingia utu uzima, kuoa na kuolewa, na kufa. Aliona kwamba taratibu hizo, ingawa zinatofautiana sana kwa sura, mara nyingi zina kiunzi kimoja chenye sehemu tatu. Kwanza mtu hutengwa na hali yake ya zamani. Kisha hukaa kwa muda mahali pa katikati, ambapo si wa kule wala si wa huku. Mwisho hupokewa katika hali mpya, na waliomzunguka huanza kumtendea kama mtu wa hali hiyo. Ile sehemu ya katikati aliipa jina kutokana na neno la Kilatini, limen, ambalo maana yake ni kizingiti. Miongo kadhaa baadaye Mwingereza Victor Turner, aliyeishi miongoni mwa Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950, aliichunguza zaidi sehemu hiyo, akaeleza jinsi mtu aliye kizingitini anavyokuwa hana cheo wala jina linalomtosha. Mzee wangu, wewe hukusoma vitabu hivyo, lakini kiti chako umekiweka karibu na mlango.

Sikuambii hayo ili kukuonyesha kwamba una ugonjwa wenye jina la kigeni. Kizingiti ni mahali halali, na kila anayevuka hukanyaga hapo. Bi harusi ana siku zake za katikati, na mfiwa ana zake, ndefu zaidi. Tatizo huja pale ambapo mtu ameachwa hapo bila yeyote kumshika mkono kumwingiza ndani, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba bado yuko nje. Na kwa haki, ni nani angejua? Wewe mwenyewe uliomba wasijue.

Kuna jambo jingine linalokupunguzia lawama. Kuzaliwa, ndoa na kifo ni vya zamani kama binadamu, na kila jamii imerithi namna ya kuvipitia, hata mtu asiyependa makundi hukuta taratibu zimeshasimama zikimsubiri. Kustaafu kwa umri, kwa mujibu wa sheria na kwa malipo, ni jambo jipya mno. Ujerumani ilipitisha sheria yake ya pensheni ya uzee mwaka 1889, ikiweka umri wa miaka 70, na ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Kwa maisha ya binadamu hiyo ni jana. Kwa hiyo hatua uliyoipita wewe haina taratibu za mababu za kuibeba. Ina barua, fomu za mafao na, kama ofisi ina moyo, mchana mmoja ukumbini wenye hotuba zilizoandikwa haraka. Sishangai kwamba ni hatua inayowaacha wengi mlangoni. Inabidi tuitengenezee mlango wenyewe.

Na hapa lugha yetu imetusaidia kuliko wataalamu. Fungua diwani ya mashairi ya Kiswahili, nenda kurasa za mwisho, mahali ambapo maneno magumu ya mshairi yanafafanuliwa moja baada ya jingine. Sehemu hiyo nayo huitwa sherehe. Neno lilelile tunalolitumia kwa harusi na mahafali ndilo tunalolitumia kwa ufafanuzi wa maneno magumu, nami tangu nilipoligundua hilo nikiwa shuleni sijaweza kuziangalia sherehe kwa jicho la zamani. Kuna siku katika maisha ya mtu ambazo ni maneno magumu: mtoto ameingia duniani, binti ameondoka nyumbani, baba harudi tena kazini. Tunakutana ili tuyafafanue, tukisaidiana, kwa sababu peke yetu tunayasoma bila kuyaelewa. Wewe umelikariri neno "kustaafu" kwa miezi saba na bado halijapata sherehe yake.

Hoja yako kuhusu karatasi ni nzuri, na ningependa kuikubali, kwa kuwa mimi pia ni mtu wa karatasi. Lakini sheria na watu hawatembei kwa saa moja. Aprili 2022 Japani ilishusha umri wa utu uzima kisheria kutoka miaka 20 hadi 18. Halmashauri nyingi za huko, hata hivyo, ziliendelea kuifanya hafla ya Januari ya kuwapongeza vijana kwa wale wanaotimiza miaka 20, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wa miaka 18 wakati huo huwa wamezama katika mitihani ya kuingia vyuo. Sheria imesema 18, na watu wamekutana ukumbini wakiwa na 20. Karatasi inaiambia benki na serikali kwamba wewe ni mstaafu. Haimwambii mlinzi, haiwaambii majirani, na mwili wako unaoamka saa kumi na moja haujui kusoma.

Kuhusu kuchelewa, sitakaa sana hapo. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, watu wa nchi nyingi walizika wapendwa wao bila waombolezaji, wakamaliza vyuo bila mahafali na wakaahirisha harusi. Wengi wao walikutana baadaye, mwaka mmoja au miwili ikiwa imepita, wakafanya lile lililokosekana, na sijasikia kwamba waliomlilia marehemu kwa kuchelewa walimlilia bure. Miezi saba si kitu.

Hoja inayostahili heshima zaidi ni ile ya furaha. Nakubaliana nawe kabisa kwamba usisimame mbele ya watu kuchekelea kinachokuuma. Ila nani alisema sherehe ni lazima iwe ya kuchekelea? Kumbuka harusi yoyote uliyohudhuria ambayo mama wa bi harusi alilia. Hakuna aliyemwambia anaharibu shughuli, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba kuna mlango unaofungwa pamoja na ule unaofunguliwa. Sherehe nzuri ina nafasi ya vyote viwili. Zile zinazochosha, nazo ni nyingi siku hizi, ni zile zilizofukuza huzuni kabisa na kubakiza muziki wa juu na mpiga picha anayewapanga watu wafurahi. Ukiogopa hizo, ninakuunga mkono.

Basi fanya hivi. Mkubalie binti yako, kwa masharti. Mwambie wageni wasizidi wanaoenea sebuleni na barazani, kusiwe na kipaza sauti, kusiwe na jambo la kukushtukiza, na mtu yeyote atakayezungumza awe ni yule aliyekufahamu, aseme jambo moja alilolishuhudia kwa macho yake. Pongezi za jumla, kama "mchapakazi hodari" na "mfano wa kuigwa", wazihifadhi kwa ajili ya hotuba za watu wasiofahamiana. Wewe pia useme, hata kama ni dakika tano. Waeleze kuhusu kubeba maboksi, kuhusu mwaka ambao hesabu ilikusumbua zaidi na jinsi ulivyoipata. Ukikwama kwa machozi, subiri yapite, kisha uendelee.

Kisha ule ufunguo. Uliambiwa ukae nao kwa kuwa haufungui kitu, na aliyekuambia hivyo hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa anazungumzia kufuli, wakati wewe ulikuwa unazungumzia miaka 33. Mwalike kijana uliyemfundisha. Ile Ijumaa mlikabidhiana kwa saini katika nakala tatu, bila nyinyi wawili kuonana uso kwa uso, na mimi nadhani hapo ndipo kizingiti kilipokushika. Simama mbele yake, mpe ufunguo huo mkononi, umwambie kwa mdomo wako, "Stoo ni yako." Naye akujibu chochote kitakachomjia. Usimwandalie maneno.

Hiyo itakuwa kutoka. Kuingia nako kunahitaji tendo lake, na hapa binti yako huenda hakuwa amepafikiria. Watu wengi wanaomwaga mstaafu humpa saa ya ukutani na kumrudisha nyumbani, wakisahau kumwambia anakwenda kuwa nani. Wewe una bahati kwamba kuna watu waliokuja kukuomba, tena mara mbili. Waalike wale vijana wa kikundi cha akiba, na baada ya ufunguo kuondoka mkononi mwako, walete vitabu vyao vya hesabu na kukukabidhi mbele ya wote. Uliwaambia hujakaa sawa. Ninavyoona mimi, hutakaa sawa kwanza ndipo uvipokee. Utavipokea, na kukaa sawa kutakuja Jumamosi ya tatu au ya nne, ukiwa umekasirishwa na kijana aliyejumlisha vibaya. Kalamu yako nyekundu itapata kazi.

Sitakudanganya kwamba mchana mmoja barazani utaondoa kila kitu. Huenda utaendelea kuamka saa kumi na moja kwa mwaka mzima, na hilo si kosa. Ila kama usingizi na hamu ya chakula vimekwisha, au kama huzuni inakuzuia hata kuzungumza na mama wa nyumbani kwako, muone daktari pia, wala usingoje siku ya shughuli ipite. Na yeye mama, ambaye ameacha kucheka, muulize siku hiyo angependa uvae nini. Nina hakika ana shati analolifikiria, na halijapigwa pasi kwa ajili ya ofisi.

Mlinzi wa geti naye aalikwe, kama bado yupo. Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyezungumza nawe ukiwa kazini, akakuambia mtaonana Jumatatu, nawe ukakubali. Mpigie simu kabla ya wiki hii kwisha, umwambie Jumatatu yenyewe imesogezwa, na umtajie siku.